Aina ya Muhuri na Hali ya Muhuri: Namna ya Kusoma Asili ya Sarafu

Mezani pangu kuna sarafu mbili za heller 20, fedha ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilizopigwa Tabora mwaka 1916. Zote ni za shaba ya njano. Upande mmoja zina taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni hilo kwa Kijerumani), mwaka na herufi T ya Tabora, na upande wa pili zina thamani yake, 20 HELLER, pamoja na matawi. Anayezitazama kwa haraka atasema ni sarafu moja yenye nakala mbili. Ukizilaza chini ya taa, mwanga ukaja kwa ubavu, kisha ukasogeza lenzi hadi kwenye neno HELLER, utaona kwamba kwenye moja miguu ya L zote mbili inaishia kwa ncha iliyochongoka, ilhali kwenye nyingine ncha hizo zimejikunja kama ndoana ndogo. Zigeuze, na utakuta taji la moja ni kubwa kuliko taji la mwenzake. Tofauti hizo hazikuletwa na mifuko ya watu wala na zaidi ya miaka mia ya kupita mkono hadi mkono. Zilikuwapo tangu sarafu ilipopigwa, kwa sababu zilikuwa zimechongwa kwenye chuma kilichoipiga.

Chuma hicho nitakiita muhuri, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya muhuri wa ofisi anaoujua kila aliyewahi kufuata barua kwa mtendaji wa kata. Muhuri wa ofisi ukiwa na herufi iliyokatika pembe, kila barua iliyogongwa nao itakuwa na herufi iliyokatika pembe, na mtu mwenye barua hamsini mkononi anaweza kusema ni zipi zilizogongwa kwa muhuri huo na ni zipi zilizogongwa kwa muhuri mwingine wenye maneno yale yale. Kadiri mpira wa muhuri unavyolika na kupasuka, ndivyo barua za mwaka wa tatu zinavyotofautiana na za mwaka wa kwanza, ingawa muhuri ni ule ule. Kwenye sarafu, badala ya mpira ni feleji, na badala ya wino ni nguvu kubwa inayoisukuma metali ya kisahani kitupu ijae kwenye michongo. Mihuri ni miwili, mmoja wa uso wa sarafu na mwingine wa mgongo wake, na pande zote mbili hupigwa kwa pigo moja.

Mfano wa barua una maswali mawili ndani yake, na ujuzi wote wa jambo hili umo katika kutoyachanganya. La kwanza ni hili: sarafu hii ilipigwa kwa muhuri gani? Jibu lake ndilo aina ya muhuri. La pili: ilipopigwa, muhuri huo ulikuwa umefikia wapi katika maisha yake? Jibu lake ndilo hali ya muhuri. Aina ni kile ambacho muhuri ulitoka nacho mikononi mwa fundi. Hali ni kile kilichoupata baada ya kuanza kazi. Wakusanyaji wanaoanza, na hata wauzaji wazoefu, huyavuruga maswali haya, na matokeo yake ni mtu kulipia ufa kana kwamba amenunua muhuri mwingine kabisa, au kuiachia sarafu adimu akidhani imechakaa tu.

Kwa nini mihuri ya sarafu moja itofautiane? Inategemea ilivyotengenezwa. Kwa karne nyingi kila muhuri ulichongwa peke yake kwa mkono. Fundi alikata picha kinyumenyume ndani ya chuma, kisha akagongelea herufi na tarakimu moja moja kwa vyuma vidogo vyenye maumbo ya herufi hizo. Hakuna mkono unaoweza kugonga herufi thelathini mara mbili zikakaa mahali pale pale: mara hii nane imeinama kidogo, mara ile A imeusogelea ukingo kuliko majirani zake. Kwa hiyo pale ambapo mihuri ilichongwa kwa mkono, kila muhuri ni aina yake. Senti kubwa za Marekani za miaka ya 1793 hadi 1814 ziliainishwa kwa msingi huo, na mpaka leo wakusanyaji huzitaja kwa namba za Sheldon, jina la mtu aliyeziorodhesha jozi kwa jozi.

Njia ya pili ilikuja na mashine. Hapo hutengenezwa kwanza muhuri mama, yaani chuma chenye picha iliyoinuka kama inavyoinuka kwenye sarafu yenyewe, na muhuri mama huo hukandamizwa kwenye vyuma laini ili kuzaa mihuri ya kazi. Watoto wote hufanana na mama, na lengo la kiwanda ni kwamba mamia ya mihuri yasitofautike hata kwa lenzi. Katika mazingira hayo tofauti kati ya muhuri na muhuri ni dalili ya kosa, na ndiyo sababu watu huitafuta kwa bidii.

Sarafu za Tabora zimeangukia katika njia ya kwanza, wakati ambapo Ulaya ilikwisha kuiacha zamani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Afrika Mashariki, meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na serikali ya kikoloni ya Wajerumani, iliyokuwa imerudi bara, ilihitaji fedha za kulipia askari, wapagazi na chakula. Sarafu zikapigwa katika karakana ya reli ya Lulanguru, nje kidogo ya Tabora, kwa shaba iliyokusanywa hapa na pale, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Mihuri ilichongwa na mafundi waliokuwapo, kwa vifaa vilivyokuwapo. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliingia Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha. Kila heller 20 yenye herufi T ni zao la kipindi hicho kifupi, na umbo la ncha ya L ni alama ya mkono wa fundi.

Wakusanyaji wameligawa zao hilo kwa utaratibu mwepesi. Uso wenye taji kubwa huitwa uso A, na wenye taji dogo huitwa uso B. Mgongo wenye ncha iliyojikunja kwenye L ya pili peke yake ni mgongo A. Wenye ncha zilizochongoka kwenye L zote mbili ni B. Wenye ncha zilizojikunja kwenye L zote mbili ni C. Nyuso mbili kwa migongo mitatu hutoa jozi sita, na kwa kuwa sarafu hizo zilipigwa kwa shaba ya njano na pia kwa shaba nyekundu, jedwali lina visanduku kumi na viwili, ambavyo ugumu wa kuvijaza haulingani hata kidogo. Angalia hata hivyo kwamba metali si sehemu ya aina ya muhuri. Muhuri haujui unapiga shaba gani. Hata uzito, ambao kwenye heller za Tabora hupanda na kushuka sana, ni habari ya kisahani kabla hakijapigwa, na anayeandika "aina nzito" na "aina nyepesi" amepima kitu kingine.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo herufi A, B na C huweza kulificha. Herufi hizo ni majina ya makundi. Mihuri miwili iliyochongwa na fundi mmoja kwa mtindo mmoja itaingia katika kundi moja, lakini bado ni mihuri miwili. Ili kujua kama sarafu mbili za mgongo B zimetoka kwenye muhuri ule ule, haitoshi kutazama ncha za L. Inabidi kupima nafasi kati ya 2 na 0, kutazama jani la mwisho la tawi linaelekea herufi gani, na kuona kama mstari wa kufikirika kutoka kwenye mguu wa H unapita katikati ya tawi au pembeni yake. Vipimo hivi vya mahusiano ndivyo vinavyotambulisha muhuri, kwa sababu sarafu ikichakaa herufi hunenepa au hupungua, lakini umbali kati ya kitovu cha herufi moja na kingine haubadiliki.

Dada wa dhahabu wa heller hizo, rupia 15 yenye tembo aliyesimama mbele ya milima, hufundisha jambo hili kwa usafi wa kupendeza. Ilipigwa Tabora mwaka ule ule kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Upande wa tai wa sarafu hiyo una pambo la mkunjo, na mwisho wa pambo hilo upande wa kulia huangukia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA katika baadhi ya sarafu, na chini ya A ya kwanza katika nyingine. Hayo tu. Herufi hizo mbili zinafuatana, na nafasi kati yake ni ndogo mno, lakini inatosha kuzigawa sarafu zote 16,198: za kundi la T ni 9,803 na za kundi la A ni 6,395. Tembo ni wa kuvutia macho, lakini anayetaka kuiainisha sarafu hiyo humwacha tembo na kwenda kutazama mkia wa pambo.

Tugeukie sasa mihuri iliyozaliwa na muhuri mama, kwa sababu huko ndiko kulikotoka aina ambazo dunia nzima inazijua. Chuma kikikandamizwa hukazika, na zamani pigo moja halikutosha kuihamisha picha yote. Muhuri ulikandamizwa mara ya kwanza, ukapelekwa kwenye moto ili ulainike, kisha ukarudishwa chini ya muhuri mama kukandamizwa tena. Iwapo mara ya pili haukukaa sawasawa na mara ya kwanza, picha ya pili iliangukia pembeni ya ile ya kwanza, na muhuri ukabeba maandishi mawili kwa maisha yake yote. Mfano mashuhuri ni senti ya Lincoln ya mwaka 1955 ya kiwanda cha Philadelphia. Kwenye sarafu hiyo mwaka na maneno ya uso husomeka mara mbili bila hata lenzi, kila mstari ukiwa na pacha wake kamili aliyeinuka kwa kimo kile kile. Makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya 20,000 na 24,000 ziliingia mitaani, na nyingine zilifika kwa wanunuzi ndani ya pakiti za sigara za mashine, zikiwa chenji. Zote zilipigwa kwa muhuri mmoja wa uso. Hiyo ni aina ya muhuri kwa maana iliyo kamili.

Wakati mwingine pacha hutokea kwa makusudi ya kuokoa chuma. Mwaka 1878 tai wa dola mpya ya Marekani, iliyoitwa dola ya Morgan, alianza na manyoya 8 ya mkia, kisha ikaamuliwa yawe 7. Mihuri iliyokuwa na manyoya 8 haikutupwa yote. Mingine ilikandamizwa muhuri mama mpya juu ya ile picha ya zamani, na kwenye sarafu zake ncha za manyoya ya kwanza huchungulia chini ya yale ya pili. Dola hizo huainishwa kwa namba zinazotanguliwa na herufi VAM, kutokana na majina ya Van Allen na Mallis walioanzisha orodha yake.

Hapa niseme kidogo kuhusu alama ya kiwanda, kwani wengi wanaokusanya senti za Afrika Mashariki zenye tundu huanza nayo. Herufi H kwenye senti 10 humaanisha kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton, I ni Bombay na SA ni Pretoria. Senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII, aliyeachia kiti kabla ya kutawazwa, hupatikana ikiwa na H, ikiwa na KN, na bila alama yoyote. Hizo si aina za muhuri. Ni matoleo matatu ya viwanda vitatu, na kila moja lilipigwa kwa mihuri mingi. Alama huwa aina pale tu inapotofautisha muhuri na muhuri ndani ya toleo moja. Marekani, kwa mfano, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 alama hiyo iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri wa kazi, na pale fundi alipoigonga mara mbili, ya pili ikakaa pembeni, muhuri huo ulipata utambulisho wake wa pekee.

Kufikia hapo muhuri haujapiga bado hata sarafu moja. Sasa uanze kazi.

Sarafu za kwanza hutoka kali. Uwanda wake, yaani eneo tupu linalozunguka picha na maandishi, ni laini, mara nyingi una mistari myembamba sana iliyoinuka ambayo ni mikwaruzo ya kusugua muhuri kabla ya kuufunga kwenye mashine, na kona za herufi zimekatika vizuri. Hiyo ni hali ya mwanzo. Baada ya maelfu ya mapigo mistari ile inatoweka, kwa kuwa metali inayosukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni inausugua muhuri kama mto unavyosugua jiwe. Metali huacha vijia vyake, vijistari vya mtiririko vinavyotoka katikati kama miale. Na ajabu ni kwamba ule mng'ao unaozunguka juu ya sarafu mpya unapoigeuza chini ya taa unatokana na vijia hivyo. Kwa hiyo mng'ao unaopendwa ni dalili kwamba muhuri umekwisha kuanza kulika. Ukiendelea zaidi, uwanda hupata vinundunundu kama ganda la chungwa, herufi zilizo karibu na ukingo hunenepa na kuvutika kuelekea nje, na michongo midogo hufutika. Hiyo ni hali ya mwisho.

Kuchakaa huko ni kwa polepole. Majeraha huja kwa ghafla. La kwanza ni kugongana. Kisahani kikikosa kuingia, mihuri miwili hukutana ana kwa ana, na kila mmoja huacha kivuli chake juu ya mwenzake. Kuanzia pigo linalofuata, sarafu huonyesha karibu na picha ya uso mistari hafifu ya picha ya mgongo, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. La pili ni ufa. Chuma kikipasuka, metali ya sarafu huingia ndani ya mpasuko, na kwenye sarafu ufa huonekana kama uzi ulioinuka, mara nyingi ukianzia ukingoni na kupita juu ya herufi. Ufa hukua, haurudi nyuma. Ukikutana na ufa mwingine, kipande cha muhuri kilicho katikati huanza kulegea, na siku kinapong'oka, sarafu zinazofuata hubeba uvimbe usio na picha yoyote mahali pale, huku upande wa pili, mkabala na uvimbe huo, picha ikiwa hafifu kwa sababu metali imekimbilia kwenye pengo.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni ya kwanza anayopaswa kuishika anayetazama sarafu. Mkwaruzo wa muhuri huinuka kwenye sarafu. Mkwaruzo wa sarafu yenyewe huzama. Kisu kikipita juu ya sarafu huacha mfereji, na kikipita juu ya muhuri huacha kijituta kwenye kila sarafu inayofuata. Zipo hali zinazopinda kanuni hii, kama vile grisi na uchafu kujaza herufi ya muhuri ikatoka hafifu au isitoke kabisa, lakini kwa sehemu kubwa kidole cha mwanga wa ubavuni kitakujibu: kivuli kiko upande gani wa mstari?

Kanuni ya pili ni kwamba kuchakaa kwa muhuri na kuchakaa kwa sarafu ni mambo mawili, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Sarafu inaweza kuwa haijawahi kutumika hata siku moja na bado herufi zake zikawa kama zimeyeyuka, kwa kuwa ilipigwa na muhuri uliochoka. Tofauti huonekana kwenye sehemu zilizo juu kabisa, shavu la mfalme au ncha ya taji: kama mng'ao unapita juu yake bila kukatika, sarafu ni mpya na muhuri ndio mzee, kama sehemu hiyo imepauka na kuwa bapa huku pembe za herufi chini yake zikiwa kali, basi ni vidole na mifuko ya watu.

Mwaka ule ule wa 1955 unatupa mfano ambao nauona bora kuliko yote kwa kutenganisha aina na hali. Mbali na senti ile yenye pacha kamili, zipo senti nyingi za mwaka huo ambazo tarakimu 5 ya mwisho ina kivuli pembeni yake, na wauzaji wamezibatiza jina linaloashiria kuwa ni pacha wa maskini. Kivuli hicho hakikutoka kwa muhuri mama. Ni muhuri uliolika hadi kuta za tarakimu zikabomoka. Mbili hizo zina mwaka mmoja na zote zina "maandishi mawili" machoni pa mtu asiyezoea, lakini ya kwanza ni aina na ya pili ni hali, na thamani zake ziko mbali kama Tabora na Philadelphia. Kuna na la tatu linalofanana nazo ambalo si aina wala hali: muhuri uliolegea hutikisika wakati wa pigo na kuisukuma herufi iliyokwisha kupigwa, ikaacha kiupande bapa kama ngazi ya chini. Jambo hilo halikuandikwa kwenye muhuri hata kidogo. Sarafu iliyofuata huenda ilitoka safi. Swali la kujiuliza ni lile lile kila mara, yaani kama muhuri huu ungepiga sarafu nyingine mara baada ya hii, je, alama hii ingekuwapo?

Mpaka kati ya aina na hali si mkali kila mahali. Mwaka 1937 kwenye kiwanda cha Denver muhuri mmoja wa senti tano yenye mnyama aina ya baisoni ulisuguliwa ili kuondoa makovu ya kugongana, na msuguo ukaufuta mguu mmoja wa mbele wa mnyama. Sarafu zake zinajulikana kwa baisoni wa miguu mitatu na huuzwa kwa bei kubwa. Mwaka 1922 senti za Marekani zilipigwa Denver peke yake, kwa hiyo kila senti ilipaswa kuwa na herufi D. Lakini zipo zisizo nayo, na zinazotafutwa zaidi ni zile ambazo muhuri wake wa uso ulisuguliwa mpaka D ikaisha, ukaunganishwa na muhuri mpya wa mgongo, kiasi kwamba mgongo ni mkali na uso ni hafifu. Soko limeziita zote mbili aina. Kwa maoni yangu ni hali, kwa sababu kila muhuri huo uliwahi kuwa na mguu wa nne na uliwahi kuwa na D, na sarafu zilizopigwa kabla ya kusuguliwa ni ndugu zake wa damu. Anayetaka kuzinunua kama aina anunue, mradi anajua kwamba kitu alichonunua ni tukio katika maisha ya muhuri.

Faida kubwa ya kutenganisha mambo haya mawili huonekana pale yanaporudi kufanya kazi pamoja. Mihuri ya uso na ya mgongo haikuzeeka kwa kasi moja. Mmoja ukivunjika, uliobaki uliunganishwa na mwingine mpya, na wakusanyaji huita kila muungano ndoa. Tuseme uso fulani unaonekana ukiwa na mgongo wa kwanza bila ufa, kisha ukiwa na mgongo wa pili ukiwa na ufa unaofika nusu ya uwanda. Kwa kuwa ufa haurudi nyuma, ndoa ya kwanza ilitangulia. Ikiwa ndani ya ndoa ya pili mgongo huo nao unaanza mzima na kuishia umevunjika, na baadaye unaonekana mgongo wa tatu, basi umepata mlolongo mzima wa kazi ya karakana bila kusoma daftari lolote la kiwanda. Orodha ya Overton ya nusu dola za Marekani za miaka ya 1794 hadi 1836 huonyesha mambo haya mawili kwa namna ambayo naipenda kwa unyoofu wake: namba hutaja ndoa ya mihuri, na herufi ndogo a inayofuata namba hutaja hali ya baadaye ya ndoa ile ile. O-101 na O-101a ni mihuri ile ile, siku tofauti.

Viwanda vyenyewe viliwahi kutaka kujua habari hizi. Kiwanda cha kifalme cha Uingereza kiliweka tarakimu ndogo kwenye mihuri ya pauni za dhahabu kati ya 1863 na 1874, ili kila muhuri ufuatiliwe kazi yake, na mkusanyaji wa leo husoma namba hiyo moja kwa moja chini ya ngao. Lakini pale pasipo na tarakimu wala mwaka, ulinganishaji wa mihuri unakuwa si burudani tena. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na upande wa pili sifa za Mwenyezi Mungu zinazokamilisha kina, kama shairi, lakini hazina mwaka. Sarafu mbili za aina hiyo zilizookotwa mahali pawili tofauti, zikithibitika kuwa zimepigwa kwa muhuri mmoja, zimetoka karakana moja ndani ya muda usiozidi maisha ya muhuri. Kwa mwanahistoria wa pwani yetu huo ni ushahidi ambao simulizi peke yake haliwezi kuutoa.

Ndiyo maana nawasihi wenye sarafu za zamani wasizisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Kinachong'olewa pamoja na uchafu ni vijia vya mtiririko, mistari ya kusuguliwa kwa muhuri na nyufa nyembamba zilizo chini ya kimo cha herufi, yaani maandishi yote yanayotaja hali ya muhuri. Taji litabaki, ncha za L zitabaki, na aina bado itasomeka. Umri wa muhuri ndio utakaokuwa umepotea.

Na lipo jambo moja ambapo mkusanyaji hulindwa na ujuzi huu dhidi ya kudanganywa. Waghushi hodari hutengeneza muhuri kwa kunakili sarafu halisi, na sarafu halisi hiyo huwa imekwisha kupata makovu yake mwenyewe: kibonyeo shavuni, mkato ukingoni. Makovu hayo yanazama, kwa hiyo ni ya sarafu moja tu na hayana sababu ya kurudi. Ukiona sarafu mbili, tatu, zilizotoka kwa wauzaji tofauti, zote zina kibonyeo kile kile mahali pale pale, jeraha la sarafu moja limegeuka kuwa sifa ya muhuri, na muhuri wa namna hiyo haukutengenezwa na kiwanda chochote cha serikali.

Sarafu zangu mbili za Tabora zimerudi kwenye bahasha zake. Ya ncha zilizojikunja ni safi, na juu ya bahasha nimeandika: heller 20, 1916 T, shaba ya njano, uso A, mgongo C, hali ya mwanzo. Ile ya ncha zilizochongoka ina uzi mwembamba ulioinuka kutoka ukingoni hadi kwenye mguu wa R ya mwisho, kwa hiyo nimeandika uso B, mgongo B, ufa hadi R, na pembeni nimeacha nafasi tupu ya kuandika siku nitakapokutana na nyingine ya muhuri huo ambayo ufa wake haujafika R, au umeipita.